Linux: Juu ya nini ordinatere inakatala kubadilisha jina la fishie ya sistemu

Mu Lubumbashi, ordinatere moja mara nyingi inatumikia watu wengi. Ku birotike za karibu na UNILU, mashini moja inapiga TFC za wanafunzi, inachapa mialiko ya ndoa na kutunza picha za pasipoti. Ku masomo, ni mashini moja inayoandika pointi za watoto. Ku radio ya mutaa, ni hiyo hiyo inayotoa muziki na habari. Mashini ya namna hiyo ikikatala kuwaka asubuhi, kazi ya watu wengi inasimama, na mwenyi kuigusa mara ya mwisho anaulizwa: « Ulifanya nini? »

Mara nyingi anajibu hivi: « Yaya, mi sikufuta kitu, nilibadilisha paka jina. » Na anasema kweli. Lakini ndani ya Linux, kubadilisha jina la fishie moja ya sistemu kunaweza kuzimisha mashini sawasawa na kuifuta.

Linux inapendwa kwa sababu ni ya bure, inakubali ordinatere za zamani, na virusi vya Windows vinavyotembea na kle USB kwa kawaida haviwezi kufanya kazi juu yake. Ila siku inafika ambapo musimamizi anataka kubadilisha jina la fishie ndani ya dosie inayoitwa /etc, kule sistemu inakoweka mipango yake. Anaandika agizo, na mashini inamujibu: « Permission non accordée ». Anajaribu tena, jibu ni lile lile. Kiisha rafiki anamuambia aweke neno moja mbele, sudo. Anaweka, na inapita. Lile neno linafungula mulango, lakini halisemi nyuma ya mulango kuko nini.

Jina haliko ndani ya fishie

Kwanza inafaa kujua jina la fishie linakaa wapi. Watu wengi wanafikiri kama jina limeandikwa ndani ya fishie yenyewe, sawa vile jina la mutoto linaandikwa juu ya kaye yake. Mu Linux haiko hivyo. Fishie yenyewe inajulikana kwa namba. Jina lake linaandikwa pembeni, ndani ya dosie inayoishika. Dosie ni kama kitabu cha état civil ku commune: ukurasa mumoja, jina, na namba ya mwenyi jina hilo. Mwenyi kutaka kuona namba hizo anaandika ls -i.

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua vizuri maana ya kubadilisha jina bila kubadilisha kitu. Mwaka wa 1966, Élisabethville iliitwa Lubumbashi. Shimine kubwa ya kiwanda haikuhama hata metre moja, nyumba za Kamalondo na za Katuba zilibakia pale pale. Jimbo lenyewe liliitwa Katanga, likaitwa Shaba, likarudia Katanga mwaka wa 1997, na tangu mwaka wa 2015, baada ya kugawanywa, sehemu hii inaitwa Haut-Katanga. Kilichobadilika ni kitabu. Na hakuna mukaaji mumoja aliyeweza kuamka na kubadilisha jina la muji peke yake: ilihitaji mwenyi mamlaka juu ya kitabu.

Sheria ya Linux ni hiyo hiyo. Ili kubadilisha jina la fishie, mutu haombwi ruksa juu ya fishie. Anaombwa ruksa ya kuandika ndani ya dosie. Inashangaza watu, lakini ni kweli: fishie ya root ikiwa ndani ya dosie yako mwenyewe, unaweza kuipa jina lingine hata kama hauna ruksa ya kubadilisha kilichoandikwa ndani yake. Na fishie yako wewe ikiwa ndani ya /etc, hauwezi kuibadilisha jina, hata kama ni yako kabisa.

Mutu akiandika ls -ld /etc, mashini inamuonyesha musitari unaoanza hivi: drwxr-xr-x, na mbele kidogo root root. Ile d ni ya dosie. Kiisha kuna makundi matatu ya alama tatu tatu: ya mwenyi mali, ya kundi lake, na ya watu wengine wote. Alama w ndiyo ruksa ya kuandika. Kwa /etc inapatikana paka ku kundi la kwanza, la root. Wengine wanaweza kusoma na kupita, basi. Ndiyo sababu mashini inakatala.

Root ni nani, sudo inafanya nini

Mpango huu haukuanza na Linux. Ulitoka ku Unix, sistemu iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie ku Bell Labs, Marekani, mwaka wa 1969. Wakati ule mashini moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, basi ilibidi kazi ya mumoja isiharibiwe na mwingine. Root ni jina la mwenyi mamlaka yote juu ya mashini. Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka wa 1991, alifuata njia hiyo hiyo.

Sudo ilizaliwa mwaka wa 1980 ku chuo kikuu kimoja cha Buffalo, mu jimbo la New York, mikononi mwa Bob Coggeshall na Cliff Spencer. Shabaha yake ilikuwa kumupa mutu mamlaka ya root kwa agizo moja tu, bila kumupa neno la siri la root. Ubuntu, iliyotoka mwaka wa 2004 kwa mupango wa Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ilienda mbali zaidi: neno la siri la root limefungwa tangu mwanzo, na mutu anapita paka kwa sudo. (Jina Ubuntu ni utu, ni neno la ukoo mumoja na muntu wa Kiluba na umuntu wa Kibemba.)

Kwa hiyo mutu anapoandika sudo, mashini inamuuliza: « Weye ni nani? » Anaweka neno lake la siri, si la root. Mashini inatazama ndani ya fishie /etc/sudoers kama jina lake limeandikwa. Kama halimo, inamuambia kwamba yeye « n'apparaît pas dans le fichier sudoers ». Hapo hakuna ujanja: anapaswa kumuendea musimamizi wa mashini.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Agizo la kubadilisha jina ni mv. Linapewa majina mawili: la zamani, kiisha la mupya. Chukua mufano wa birotike ambayo kila mara wanapoandika sudo apt update, mashini inasimama ikingojea anwani moja ya programu isiyojibu tena. Anwani hiyo iko ndani ya fishie moja ya dosie /etc/apt/sources.list.d. Apt inasoma ndani ya dosie hiyo paka fishie ambazo jina lao linaishia na .list ao .sources. Kwa hiyo haina lazima ya kufuta. Inatosha kuongeza neno ku mwisho wa jina, na fishie inalala:

cd /etc/apt/sources.list.d
sudo mv -iv programu.list programu.list.lala

Siku wanaihitaji tena, wanarudisha jina la kwanza, na inaamka.

Zile herufi -iv zina kazi yake. Kama jina la mupya tayari ni la fishie ingine, mv inaifunika ile ingine bila kuuliza, na hakuna Corbeille ya kwenda kuitafuta. Herufi i inaiambia mashini iulize kwanza. Mutu anajibu o kwa oui, ao n kwa non. Herufi v inaiambia ionyeshe kilichofanyika. Tena, badala ya kuandika njia yote kwa mukono, ni vizuri kuandika herufi za kwanza na kufinya tushi ya Tab: mashini yenyewe inamalizia jina, na kosa la herufi ao la nafasi linapungua.

Kama lengo ni kutunza fishie ya zamani mbele ya kuigusa, mv haifai. Mv inaondoa jina, na programu inayolitafuta inakosa. Kinachofaa ni cp:

sudo cp -a /etc/hosts /etc/hosts.zamani

Hapo fishie inabakia mahali pake, na kopi inakaa pembeni na ruksa zake zote sawa na za kwanza. Hii ndiyo desturi ya mafundi wazuri: kopi kwanza, kugusa baadaye.

Kuna mutego mwingine ambao watu wa hapa wanakutana nao kila siku: klaviye. Zinazouzwa mu muji nyingi ni za AZERTY. Kama wakati wa kuweka Linux mutu alichagua klaviye ya Kimarekani, herufi a na q zinabadilishana, z na w pia, na tushi ya m inatoa alama ya nukta na mukato. Sudo inaandikika vizuri, kwa kuwa s, u, d na o ziko mahali pamoja ku klaviye zote mbili. Lakini mv inakuwa ;v. Mubaya zaidi ni neno la siri: kwa kawaida sudo haionyeshi hata nyota moja wakati wa kuliandika, basi mutu haoni kosa lake. Akikosea mara tatu, inamufukuza. Mbele ya kuamini kama neno la siri limebadilishwa, inafaa kuandika azqwm ku terminali na kutazama nini kinatokea.

Ikikatala hata na sudo

Mashini ina majibu matatu yanayofanana ku masikio, lakini kila moja lina sababu yake na dawa yake.

La kwanza ni « Permission non accordée ». Mara nyingi maana yake ni kwamba mutu alisahau sudo.

La pili ni « Opération non permise », hata mutu akiweka sudo. Hapo inawezekana fishie imefungwa kwa alama ya pekee, ambayo inamuzuia hata root. Agizo lsattr linaonyesha alama hizo. Kukiwa herufi i, fishie imefungwa. Sudo chattr -i inaifungula, lakini kwanza mutu ajiulize nani aliifunga na juu ya nini. Alama hiyo haikujiweka yenyewe.

La tatu ni « Système de fichiers accessible en lecture seulement ». Hili halina uhusiano na ruksa. Ubuntu inapokuta makosa ndani ya disiki, inaifunga ili isomwe tu, isiandikwe, kusudi uharibifu usiendelee. Mu muji ambamo umeme wa SNEL unakatika bila kuaga, jibu hili linafaa kujulikana. Kuendelea kulazimisha si dawa. Dawa ni kuokoa kwanza kazi za watu juu ya disiki ingine, kiisha kuwasha mashini na kle USB yenye Linux na kutengeneza disiki kwa agizo fsck, ikiwa haijafunguliwa.

Juu ya umeme, kuna pia habari nzuri. Kubadilisha jina ndani ya disiki ile ile si kuhamisha kitu: ni kuandika musitari mumoja ndani ya kitabu. Filimu ya giga nne na barua ya ukurasa mumoja zinachukua wakati sawa. Na disiki za ext4, zinazotumiwa sana na Linux, zina daftari la kuandika kazi mbele ya kuifanya. Umeme ukikatika wakati ule ule, mutu anakuta jina la zamani ao jina la mupya, hakuti nusu ya jina. Lakini mv ikitoka ku disiki moja kwenda ku ingine, ao ku kle USB, hapo inapiga kopi kwanza na kufuta baadaye. Hiyo inaweza kukatikia katikati.

Majina ambayo programu zinaita kila siku

Hatari haitoki ku fishie. Inatoka ku wale wanaoiita. Mutoto wa leo akisikia muzee anasema « E'ville », anauliza, wanamuelezea, anaelewa. Programu haiulizi. Inatafuta jina lile lile, herufi kwa herufi, na ikikosa inasimama.

Fishie /etc/sudoers ni mufano wa kwanza. Mutu akiibadilisha jina, agizo linapita bila neno. Kiisha anataka kurudisha, anaandika sudo, na sudo inatafuta /etc/sudoers ili ijue kama ana ruksa. Haiioni, inamukatalia. Ni kufunga nyumba na kuacha funguo ndani. Fishie /etc/fstab inaonyesha disiki gani zifunguliwe wakati mashini inawaka. Ikikosekana, disiki yenye kazi za watu inaweza kubakia imefungwa. Na ile inayoitwa libc.so.6 inaitwa na karibu programu zote, hata mv yenyewe: mutu akiibadilisha jina, hana tena agizo la kurudisha.

Kama kweli jina linapaswa kubadilika na programu zingine bado zinatafuta la zamani, kuna njia ya kuweka jina la zamani lielekeze ku la mupya: ln -s. Kwa fishie zilizoletwa na pakeji za Debian ao Ubuntu, kuna agizo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, dpkg-divert. Lenyewe linabadilisha jina na kulikumbuka, ili siku ya mise à jour pakeji isirudishe fishie mahali pa kwanza. Mwenyi kutumia mv peke yake anaweza kukuta kazi yake imefunikwa baada ya wiki moja.

Kurudi nyuma

Fundi mwenye akili anafungula mulango wa kurudia mbele ya kuingia. Wakati anagusa /etc, anafungula terminali ya pili, anaandika sudo -s, na kuiacha pale. Terminali hiyo tayari ni ya root. Sudo ikifa ku ya kwanza, anarudisha jina ku ya pili.

Kama mashini imezimika na haiwaki tena, kle USB yenye Linux inasaidia. Mutu anawasha mashini nayo, anaandika lsblk ili ajue disiki yake inaitwa namna gani, kiisha anaifungula na kurudisha jina. Kwa mufano, kama ni sda2:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mv -iv /mnt/etc/sudoers.zamani /mnt/etc/sudoers
sudo umount /mnt

Kile kitabu kimeandikwa upya, na mashini inawaka. Kazi za watu hazikupotea, kwa kuwa hazikuguswa. Wengine wanaharakisha kufuta disiki yote na kuweka Linux upya, na hapo ndipo TFC ya miezi sita inaenda kabisa, kwa kosa ambalo lingetengenezwa kwa dakika tano.

Nani anashika neno la siri?

Swali la mwisho ni la watu. Mu nyumba nyingi za kazi, mashini ina konti moja na neno moja la siri, na kila mutu analijua: patron, mwenyi kupiga mashini, mwanafunzi wa stage, hata rafiki aliyepita jana. Kwa njia hiyo, kila mumoja wao ni root.

Linux inaruhusu kutenganisha. Kila mutu anapata konti yake, na wawili tu wanapewa sudo: si mumoja peke yake, kwa kuwa anaweza kugonjwa ao kusafiri kwenda Kolwezi. Faida ya pili ni kwamba sudo inaandika kila agizo: nani, saa ngapi, alifanya nini. Musimamizi anaisoma kwa sudo journalctl _COMM=sudo. Kama wote wanatumia konti moja, daftari hilo linataja jina moja kwa makosa ya wote, na ugomvi unabakia pale pale. Kama kila mumoja ana jina lake, mutu anaonyeshwa musitari, anakumbuka jina alilobadilisha, na analirudisha.

Kwa mwenyi kukaa mbele ya terminali leo, maulizo matatu yanatosha mbele ya kufinya Entrée: nani anaita jina hili, kopi iko wapi, na nitarudi kwa njia gani? Kama jibu moja linakosa, sudo ingoje kwanza.